NGURUMO IKISIKIKA, HATARI IMEFIKA
Mazungumzo juu ya dhoruba za radi wakati wa masika katika nchi ya Oyugis



Dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii huijua kila mtoto, na katika nchi ya Oyugis mawingu yenyewe hayajifichi. Wakati wa masika, ambao Wajaluo huuita chwiri, yaani tangu mwezi wa Machi hata mwisho wa Mei, mara nyingi asubuhi huwa nyeupe na jua huwa kali. Ipatapo saa saba mchana mawingu meupe huanza kusimama kama minara upande wa milima ya Kisii. Saa tisa minara hiyo imekwisha kuwa myeusi chini yake. Na saa kumi, wakati watoto wanapofunguliwa shuleni, akina mama wanaporudi kutoka sokoni, na ng'ombe wangali malishoni, ngurumo husikika.

Mvua hiyo ni neema. Mahindi, karanga, migomba, na viazi vitamu ambavyo Kabondo imesifika kwavyo, vyote vyaingojea. Lakini neema hiyo huja na wageni wasioalikwa, nao ni radi, mvua ya mawe, upepo wa kung'oa mapaa na maji ya ghafula. Katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria wamekufa watu wengi kwa radi ambao wasingalikufa kama wao, au jirani zao, wangalijua mambo machache. Kusudi la mazungumzo haya ni kuyaeleza mambo hayo.

KWA NINI DHORUBA HUIPENDA NCHI HII

Oyugis umekaa katika barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kisii, kati ya ziwa na milima. Uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya bahari, na mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi. Katika mteremko huo ndipo siri ya dhoruba ilipo.

Jua likipanda, nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa baridi ya ziwani huja kushika mahali pake. Huo ndio upepo wa ziwa, ambao watu wa Kendu Bay huusikia mchana. Upepo huo hupanda mteremko kuelekea mashariki, na huko hukutana na pepo zitokazo upande wa bahari. Hewa hizo mbili zikikutana, hazina njia ila kwenda juu. Mvuke uliobebwa kutoka ziwani hugeuka mawingu, na mawingu hayo hukua hata kufikia zaidi ya kilomita 12 juu ya nchi. Ndiyo sababu Kisii, Kericho, Kakamega na nchi zilizo kandokando yake husikia ngurumo nyingi sana, hasa alasiri na jioni.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, lakini maji ya ziwa hukaa na joto lake. Upepo hutoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa, na dhoruba huzaliwa juu ya maji, nyingi kati ya usiku wa manane na mapambazuko. Basi mkulima wa Kasipul huwa amelala salama saa ile ambayo mvuvi wa omena, aliyetoka na taa zake kwenda ziwani, yumo katika hatari kubwa.

Hali hii si ya Nyanza peke yake. Katika Kongo ya mashariki, karibu na Ziwa Kivu, kuna mahali paitwapo Kabare. Wataalamu waliohesabu miali ya radi kwa chombo kilichozunguka dunia angani walitangaza mwaka 2016 kwamba juu ya kila kilomita ya mraba ya mahali hapo huonekana miali kama 205 kwa mwaka. Hakuna mahali pengine katika Afrika palipopita hapo, na duniani kote palipitwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Mahali pote pawili pana ziwa lenye joto na milima kando yake.

RADI NI KITU GANI

Ndani ya wingu kubwa hewa hupanda kwa nguvu, na juu ya mita 5,000 hivi maji huganda. Chembe ndogo za barafu hugongana na mawe madogo ya barafu. Katika kugongana huko umeme hugawanyika: umeme wa namna moja huenda juu ya wingu na wa namna nyingine hubaki chini. Ukizidi mno, hutafuta njia ya kuungana tena, ama ndani ya wingu lenyewe, ama kutoka winguni hata ardhini. Njia hiyo hupata moto wa kadiri ya nyuzi 30,000, ambao wapita moto wa uso wa jua mara tano. Hewa iliyo katika njia hiyo hutanuka kwa ghafula, na mshindo wake ndio ngurumo.

Mwanga hufika mara moja, lakini sauti hukawia, kwa kuwa huchukua kama sekunde tatu kwenda kilomita moja. Basi mtu akiona mmweko, ahesabu polepole. Akihesabu tisa ngurumo isikike, radi imepiga kilomita tatu kutoka alipo. Akihesabu thelathini, imepiga kilomita kumi. Wengi hudhani kilomita kumi ni mbali, nao hudanganyika, maana radi yaweza kupiga mbali na mvua yake, mahali ambapo anga ni jeupe na hapana tone lililoanguka. Ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, aliyeisikia amekwisha kuwa katika shabaha yake. Asingoje mvua.

JE, RADI HUTUMWA?

Wako watu wasemao kwamba radi hutumwa na adui, na kwamba aliyepigwa alikuwa na deni, au ugomvi wa shamba, au mke wa mwingine. Maneno haya husemwa Nyanza, na Kakamega, na Uganda, na Tanzania pia. Haifai kuwacheka wayasemao, maana mtu aliyempoteza mwanawe kwa mmweko mmoja hutafuta sababu, na jambo la namna hiyo ni zito kulibeba bila sababu.

Lakini na atazame mambo yaliyo wazi. Mwezi wa Agosti mwaka 2016, katika nyanda za juu za Hardangervidda nchini Norway, radi iliwaua paa wa nchi za baridi 323 kwa mara moja, wakiwa wamesongamana pamoja katika dhoruba. Wanyama hao hawakuwa na deni wala ugomvi na mtu. Walikufa kwa sababu walisimama mahali palipo wazi, miguu minne ardhini, na umeme ukapita katika ardhi iliyolowa. Ng'ombe wa Rachuonyo hufa kwa sababu iyo hiyo.

Madhara ya imani hii ni mawili. La kwanza, hufanya watu wamtazame jirani badala ya kulitazama wingu, na katika vijiji vingi msiba mmoja umezaa uadui wa miaka. La pili ni baya zaidi, nalo litaelezwa mbele.

Wala haisemwi kwamba maarifa ya wazee hayana kazi. Ng'ambo ya ghuba, katika nchi ya Bunyore, wazee wa ukoo wa Nganyi wamejulikana tangu zamani kwa kusoma dalili za mvua katika miti, ndege na wadudu. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imekaa nao pamoja, kila upande ukaleta utabiri wake, na utabiri wa majira uliopatana ukatangazwa kwa watu. Kuchunguza dalili ni elimu, na kumshitaki jirani bila ushahidi si elimu.

WATU HUPIGWA NAMNA GANI

Wengi hudhani kwamba radi huua kwa kumshukia mtu kichwani. Hao ni wachache. Wengine hupigwa kwa kuwa wamesimama chini ya mti: radi huupiga mti, kisha umeme huruka kutoka shinani na kumwingia mtu. Wengine hushika waya wa seng'enge au bomba lililopigwa mbali. Lakini walio wengi, karibu nusu, hupigwa na umeme unaotambaa ardhini kutoka mahali radi ilipoanguka. Huo huingia kwa mguu mmoja na kutoka kwa mguu wa pili, na ndiyo sababu radi moja yaweza kuwaangusha watu darasa zima.

Hayo yametokea. Mwezi wa Juni mwaka 2011 radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, na watoto 18 wakafa. Mwezi wa Machi mwaka 2018 ilipiga kanisa katika wilaya ya Nyaruguru nchini Rwanda, wakafa watu wasiopungua 15. Mwezi wa Januari mwaka 2025 ilipiga shule ya sekondari ya Businda, wilaya ya Bukombe nchini Tanzania, wakafa wanafunzi saba. Katika mahali pote patatu watu walikuwa ndani ya nyumba. Basi kuingia ndani hakutoshi. Lazima kujua ni nyumba ya namna gani.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, kazi ya siku ipangwe kwa kufuata tabia ya mawingu. Wakati wa masika, palizi, safari ya sokoni na michezo ya shule yafaa kufanywa asubuhi. Mwalimu aonaye wingu jeusi saa tisa asiwafungue watoto watembee kilomita tatu katika uwanda mtupu. Heri wachelewe nyumbani kuliko wasifike.

Pili, mahali pa salama ni nyumba kubwa imara iliyotiwa nyaya za umeme na mabomba yaendayo ardhini, au gari lililofungwa lenye paa la chuma, kama basi au matatu. Pikipiki, baiskeli na trekta lisilo na paa si salama. Mwenye boda boda asiendelee na safari kwa kuwa abiria ana haraka.

Tatu, nyumba ya udongo, iwe ya nyasi au ya mabati, haizuii radi. Ikiwa hakuna nyingine, watu wakae katikati, miguu pamoja, mbali na kuta, nguzo, milango na waya. Wasiegemee ukuta, wasioge, wala wasishike simu iliyotiwa katika chaji ukutani.

Nne, mti si mwavuli. Asimame mtu chini ya mti, amekwenda kujiweka penye shabaha. Wachungaji wasikusanyike pamoja, bali waachane hatua nyingi, ili mmoja akipigwa wengine wapate kumsaidia. Wakae mbali na seng'enge na mbali na vilele vya vilima, wala wasilale chini kifudifudi.

Tano, mvuvi atazame anga kabla ya kusukuma mtumbwi. Akiona mimweko upande wa katikati ya ziwa, abaki pwani. Samaki wa usiku mmoja hawatoshi bei ya maisha.

Sita, dhoruba ikipita, watu wangoje dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho kabla ya kutoka. Wengi wamepigwa na radi ya kuagana.

Saba, kamati za shule na makanisa zifikiri juu ya kinga ya radi, yaani fimbo ya chuma juu ya paa iliyounganishwa kwa waya mnene na chuma kilichofukiwa ardhini. Kazi hiyo ifanywe na fundi aijuaye, maana kinga iliyofungwa vibaya ni hatari. Katika Uganda chama kiitwacho ACLENet kimekwisha kuziwekea shule kinga hizo.

ALIYEPIGWA NA RADI ASIOGOPWE

Hapa ndipo penye dhara la pili, na neno hili ndilo kubwa kuliko yote katika mazungumzo haya. Katika vijiji vingi, mtu akipigwa na radi, watu humwogopa. Husema ana umeme mwilini, au husema kwamba amguse tu mganga, na atakayemgusa kabla ya dawa atapatwa naye. Basi humzunguka kwa mbali huku akifa.

Mwili wa mtu haushiki umeme. Radi hupita kwa muda ulio mfupi kuliko kufumba jicho, ikaisha. Amgusaye baada ya hapo hapatwi na lolote. Tena imeonekana katika nchi zilizofanya hesabu kwamba katika watu kumi waliopigwa na radi, kama tisa huishi.

Aonekanaye amekufa pengine hajafa. Radi husimamisha moyo na pumzi pamoja. Mara nyingi moyo huanza kupiga tena wenyewe, lakini pumzi hukawia kurudi, na moyo usipopata hewa husimama mara ya pili, na hiyo ndiyo mauti. Katikati ya hayo mna dakika chache, na katika dakika hizo uhai wa mtu umo mikononi mwa yule aliyesimama karibu.

Afanye hivi. Ikiwa mahali hapo pana hatari, amvute kwanza mgonjwa penye usalama. Amlaze chali. Ikiwa hapumui, aweke viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, akisukume chini kwa nguvu kadiri ya sentimita tano, upesi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya kusukuma mara 30, amwinulie kidevu, ambane pua, na kumpulizia pumzi mbili kinywani. Kisha aanze tena, na mwingine ampokee akichoka, hata mgonjwa apumue au wafike hospitali.

Na ikiwa wamepigwa wengi pamoja, waliolala kimya waangaliwe kwanza. Hili ni kinyume cha desturi ya ajali nyingine, lakini ndilo sawa kwa radi, maana aliaye na kusogea karibu hakika ataishi, lakini aliyenyamaza angojea mtu wa kumpa pumzi. Wote wapelekwe hospitali hata wakijiona wazima, kwa kuwa radi yaweza kuumiza moyo, masikio na macho bila kuacha alama juu ya ngozi.

MVUA YA MAWE NA MAJI YA GHAFULA

Mawe ya mvua huzaliwa katika wingu lile lile. Tone lililoganda hubebwa juu na upepo, likavikwa barafu zaidi, mpaka uzito wake unaushinda upepo nalo huanguka. Kericho na Nandi Hills zimejulikana ulimwenguni kwa wingi wa mvua hiyo. Katika miaka ya 1960 wakulima wa chai huko walijaribu kuizuia kwa kurusha roketi mawinguni, na baadaye kwa ndege zilizotia dawa katika mawingu. Mawe yangali yakianguka hata leo.

Mkulima ambaye mahindi yake yamechanwa asiyang'oe siku ile. Mahindi machanga, ambayo hayajapita majani matano au sita, kiini chake cha kukulia kingali chini ya udongo, na mengi yatachipua. Angoje siku saba hadi kumi, kisha apasue mashina machache atazame: kiini kikiwa cheupe na kigumu, mmea u hai, kikiwa laini na cha rangi ya udongo, umekufa. Viazi vitamu navyo huchipua upya mara nyingi. Lakini mahindi yaliyokwisha kutoa mbelewele hayarudi, na hapo heri mkulima afikirie mapema mbegu ya muda mfupi.

Mvua kubwa ikinyesha milimani, mito ishukayo kwenda ziwani hujaa hata mahali ambapo hapajanyesha. Maji ya kasi yasiyofika magoti yaweza kumwangusha mtu mzima. Mtoto asivuke mto uliojaa, wala dereva asijaribu daraja lililofunikwa.

HABARI ZA HALI YA HEWA

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa majira, wa juma na wa kila siku, na kila kaunti, Homa Bay na Migori zikiwamo, ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa. Redio zisemazo Kijaluo, kama vile Mayienga na Ramogi, husikika mashambani, na habari za hewa zafaa kusikilizwa kwa makini kama vile habari za mpira.

Lakini utabiri una mpaka wake. Mtabiri aweza kusema leo kwamba kesho alasiri zitakuwako dhoruba katika nyanda za juu za magharibi na kandokando ya ziwa. Hawezi kusema radi itapiga boma la nani. Saa ile ya mwisho ni ya mwenye boma mwenyewe: ya mwalimu atazamaye dirishani, ya mama aliye njiani na mzigo kichwani, ya kijana aliye na ng'ombe bondeni. Wao ndio watakaoliona wingu na kuisikia ngurumo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Basi mambo mawili yachukuliwe nyumbani na kuambiwa watoto leo jioni. Ngurumo ikisikika, mtu na aingie mahali pa salama. Na mtu akianguka kwa radi, wenzake na wamkimbilie, wasimkimbie.